Breki za gari ya mizigo Pemba: dalili, chanzo na hasara ya kungoja

Pemba haina mlima mrefu, lakini breki za gari ya mizigo zinachoka hapa kuliko watu wengi wanavyodhani. Vilima vimefuatana. Unapanda, unashuka, unakuta kona, unapanda tena. Anayepeleka magunia bandarini Mkoani anamaliza safari yake kwenye mteremko, na Wete ni hivyo hivyo. Ongeza mvua za masika, hewa ya chumvi inayokula chuma usiku na mchana, na njia za ndani za udongo zinazojaza tope kwenye dramu, lile duara la chuma lililo ndani ya tairi. Unguja ni tambarare zaidi, lakini gari ya mchanga inayotoka Donge ikishaingia kwenye foleni za mjini inasimama na kuondoka kila hatua, na moto wa breki ni ule ule.

Ubovu wenyewe mara nyingi huanza mdogo. Kinachoukuza ni mazungumzo kama haya kati ya dereva na mwenye gari, ambayo nayasikia gerejini kila msimu wa karafuu:

– Mzee, tairi za nyuma zinakwaruza, tuipeleke gereji.

– Tumalize msimu kwanza, mwanangu. Baada ya hapo, inshaallah.

Nawaelewa wote wawili. Mwenye gari ana deni, wenye mzigo wanangoja, na gari ikilala siku mbili kazi inachukuliwa na mwengine. Tatizo ni kwamba breki haiharibiki mahali pamoja ikatulia. Lainingi, yaani kipande kinachosugua dramu ili gari isimame, ikiisha inakula dramu. Dramu ikitanuka, pistoni ya silinda inasukumwa mbele kuliko kawaida yake, mafuta yanavuja, breki zinapotea. Tairi ikikamata, yaani breki isipoachia, inayeyusha grisi, sili (raba inayozuia grisi isitoke) inaungua, beringi inafuata. Kwa hiyo napita dalili moja moja: inatokana na nini, utaijuaje, na ukiiacha inakwenda wapi. Nazungumzia hasa gari za breki za mafuta za aina ya Isuzu ELF na Mitsubishi Canter, ambazo ndizo zimejaa visiwani. Za upepo nitazigusa baadaye.

Kelele

Si kila kelele ni ugonjwa. Gari iliyolala nje usiku wa mvua, au karibu na bahari, asubuhi hukwaruza kidogo kwa sababu uso wa dramu umeshika kutu nyembamba. Kanyaga breki mara chache na sauti itaondoka. Ikiondoka, endelea na kazi yako.

Kelele nyembamba ya kulia, isiyoondoka hata breki zikipata moto, kwa kawaida ni vumbi lililojaa ndani, au lainingi iliyopikwa na moto hadi uso wake ukawa mgumu na kung'aa. Hiyo inataka dramu ifunguliwe na kusafishwa. Vumbi la lainingi usilipulize kwa upepo wa kompresa, na mkataze kijana wako asilipulize. Lainingi za zamani zilitiwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lowesha kwa maji, kisha futa kwa kitambaa utakachokitupa.

Kelele ya chuma kwa chuma ni jambo jingine, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Lainingi imeshonwa kwenye shuu (chuma kilichopinda kinachoibeba) kwa ribiti. Ikilika mpaka vichwa vya ribiti vikatokeza, kila ribiti inachimba mfereji wake kwenye dramu. Nikiifungua dramu ya namna hiyo napitisha ukucha kutoka ukingo hadi ukingo. Ukucha ukinasa kwenye mifereji, maneno ya lainingi peke yake yameshakwisha. Dramu lazima iende kwa fundi wa kuchonga. Nayo haichongwi milele: kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa mara nyingi kimeandikwa kwenye dramu yenyewe, na ikipita hapo ni ya kutupwa. Dramu nyembamba inapata moto haraka, inatanuka ikiwa na moto, na inaweza kupasuka chini ya mzigo.

Baya zaidi ni lile lisiloonekana kwa nje. Lainingi nyembamba na dramu pana maana yake pistoni za silinda ya tairi zinatoka mbali zaidi kila unapokanyaga. Siku moja raba ya pistoni inafika sehemu ya silinda yenye kutu, inachanika, au inatoka kabisa. Mafuta yanamwagika juu ya lainingi. Ubovu ulioanza kwa kelele umekwisha kwa pedali inayokwenda mpaka chini, na kama ni kwenye mteremko wenye skuli upande mmoja na soko upande wa pili, hakuna fundi atakayesaidia dakika ile.

Kuangalia ni kazi ndogo. Nyuma ya tairi, kwenye bamba linaloshikilia shuu, kwa kawaida pana tundu lenye kifuniko cha mpira. Kitoe, mulika kwa tochi, tazama unene wa lainingi. Ikibaki milimita moja au pungufu juu ya vichwa vya ribiti, gari isipakiwe tena mpaka ibadilishwe. Kwa gari kubwa za breki za upepo usingoje ishuke chini ya milimita 6 hivi. Badilisha ekseli nzima, kushoto na kulia. Kuweka lainingi mpya upande mmoja ni kujitafutia dalili nyengine ambayo tutaifikia.

Pedali inayokwenda chini

Hii ina sura nne, na mafundi wengi wanazichanganya zote wakasema “toa hewa”. Kila sura ina chanzo chake.

Pedali inashuka sana mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili inapanda na kuwa ngumu: shuu ziko mbali na dramu. Zisogezwe kwa ajasta, yaani kifaa cha kuzisogezea. Kabla ya kusogeza angalia unene wa lainingi, maana ukisogeza lainingi iliyokwisha umeficha ugonjwa tu.

Pedali inarudisha mguu kama mpira: kuna hewa kwenye mabomba. Hewa haiingii bila mlango. Kama hakuna aliyefungua bomba hivi karibuni, tafuta panapovuja kabla ya kutoa hewa.

Pedali inashuka polepole wakati mguu umetulia juu yake, na chupa ya mafuta haipungui: raba za ndani ya masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali) zimechoka. Chupa ikipungua, basi inavuja nje, na utaona unyevu kwenye tairi, kwenye maungio, au ndani ya busta, kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki.

Ya nne ndiyo inayowadanganya watu. Asubuhi pedali ni nzuri, gari ikiwa tupu ni nzuri, lakini ikiwa na mzigo, baada ya miteremko kadhaa, pedali inalegea ghafla. Ukiegesha nusu saa inarudi nzima, na dereva akimwambia mwenye gari haaminiwi. Chanzo ni mafuta ya zamani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango chake cha chini cha kuchemka ni 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka ndani ya silinda yanageuka mvuke, na mvuke unaminyika. Mguu unaminya mvuke badala ya kusukuma shuu.

Yabadilishwe yote kila miaka miwili, na kwa gari inayoshinda pwani mimi hushauri kila mwaka. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu ya duka au chini ya kiti cha gari usiitumie. Kifuniko cha chupa ya masta silinda kikipotea nunua kingine. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi hauzuii kitu.

Kuna la kusema kwa msisitizo juu ya kujazia. Njiani mafuta yakipungua, wapo wanaotia oili ya injini au ya haidroliki “ili tufike”. Raba za mfumo huu hazikutengenezwa kwa oili hiyo. Zinavimba, zinalegea, zinakwama. Ukinunua gari au ukishuku kilichotiwa, chota kidogo kwenye gilasi na utie maji. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji. Oili itaelea juu na utaiona mstari. Ukiona mstari huo, kutoa mafuta na kutia mapya hakutoshi. Raba zote, za masta silinda, za silinda za tairi, pamoja na mipira ya breki (mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye tairi), zibadilishwe, na mabomba yasafishwe. Chupa moja ya oili iliyotiwa kwa haraka imekuwa kazi ya gari nzima. DOT 5 nayo, ile ya silikoni, usiichanganye na hizi.

Pedali ngumu, gari haishiki

Hapa mafuta hayana kosa. Nguvu ya kusaidia mguu imekosekana, yaani busta. Kwenye dizeli nyingi ndogo vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaoiendesha busta, inatengenezwa na pampu iliyoshikamana na alteneta. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uache mguu juu yake, kisha washa injini. Busta nzima itaivuta pedali chini kidogo. Ikikaa pale pale, angalia mpira wa vakyumu umepasuka au umelegea, kisha valvu ya njia moja, kisha pampu, na mwisho busta yenyewe. Anza na mpira kwa sababu ndio wa bei ndogo, na mara nyingi ndio wenye kosa.

Dereva anayezima injini kwenye mteremko kuokoa dizeli anaitengeneza dalili hii kwa mkono wake. Busta ina akiba ya kukanyaga mara chache tu. Kutia fri, yaani kushuka bila giya, nako kunaziacha breki peke yao zifanye kazi ambayo injini ingezisaidia. Shuka na giya ndogo, tumia breki ya ekzosi kama gari inayo, na punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka. Kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki inatakiwa kuigeuza moto haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne.

Gari inavuta upande

Pima upepo wa tairi kwanza. Kama tairi ziko sawa na gari inavuta kushoto unapokanyaga, aghalabu breki ya kulia ndiyo isiyofanya kazi. Wengi wanafungua upande inakovutia, wanakuta ni mzima, wanafunga, na siku imepotea.

Sababu kubwa ni lainingi iliyoloa: mafuta kutoka silinda inayovuja, au oili ya ekseli iliyopita kwenye sili. Lainingi iliyokunywa oili haiponi. Kuiosha kwa petroli na kuichoma moto kunasafisha uso tu. Breki zikipata joto, oili inatoka ndani tena. Tengeneza panapovuja, kisha weka lainingi mpya pande zote mbili. Sababu nyengine ni silinda iliyoshika kutu, ajasta iliyokazwa upande mmoja tu, au lainingi za aina mbili tofauti kwenye ekseli moja.

Gari zinazoteremka ufukweni kupakia mwani au mzigo wa mashua zina taabu yao ya ziada. Maji ya bahari yakiingia kwenye dramu, breki inakuwa dhaifu mpaka ikauke, kwa hiyo kabla ya kuingia barabarani nenda taratibu huku umegusa breki. Jioni ioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi. Kila mara gari inapopandishwa jeki fuata mabomba ya breki kwa mkono na tochi, hasa pale yanaposhikwa na klipu kwenye chesesi, maana chumvi na tope hukaa hapo na bomba linaoza likiwa limefichwa. Bomba likioza libadilishwe kwa bomba la breki. Mrija wa shaba wa friji unapindika vizuri na unapatikana kirahisi, lakini unachoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Tairi moja ina moto

Ukifika, zunguka gari. Weka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, ulinganishe kushoto na kulia. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, na hasa ukisikia harufu ya kuungua, breki hiyo haiachii. Usimwagie maji. Dramu yenye moto ikipata maji ghafla inapinda au inapasuka. Hiyo pia ni sababu ya gari nyengine kutetemeka kila inapokanyagwa breki: dramu imepoteza umbo.

Kutafuta chanzo kuna utaratibu mzuri sana, na hauhitaji mashine. Pandisha tairi kwa jeki, weka stendi, izungushe kwa mkono. Ikikataa, fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa ya tairi hiyo. Mafuta yakiruka na tairi ikaachia, basi kuna mafuta yaliyozuiliwa. Funga nipeli, ikaze tairi tena kwa kukanyaga pedali, halafu legeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya mpira wa breki. Isipoachia hapo, mpira huo umevimba ndani: unapitisha mafuta kwenda, haurudishi. Kwa nje utauona mzima kabisa. Ikiachia, kosa liko juu zaidi, pengine masta silinda, au pedali haina uchezaji hata kidogo. Kama kufungua nipeli hakukusaidia kitu, ubovu ni wa chuma: springi za kurudisha shuu zimechoka, pistoni imeganda kwa kutu, ajasta imekazwa mno, au kebo ya handibreki imekwama.

Breki inayokamata ndiyo yenye hasara ndefu kuliko zote. Injini inavuta mzigo uliozuiliwa, dizeli inakwisha. Grisi inayeyuka na kutoka, sili inakauka na kuvuja, beringi inakwaruzika. Tairi za nyuma ziko mbili mbili, na ile ya ndani inapikwa na dramu mpaka inapasuka, au inashika moto na mzigo juu yake. Yote hayo kwa springi iliyokuwa ya kubadilishwa asubuhi moja. Na Pemba kuna jambo la nyongeza: silinda au beringi isipopatikana Chake Chake au Wete inaagizwa Unguja au Dar es Salaam, inangoja boti, na gari inalala siku ambazo mwenyewe hakuzipanga.

Gari za breki za upepo

Fungua matangi ya upepo kila siku, maji yatoke. Yakitoka na oili nyingi, kompresa inataka kuangaliwa. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki kwa dakika moja. Gari isiyo na tela isipoteze zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo). Kengele ya upepo mdogo inalia karibu na psi 60. Ikilia, simama, wala usiikate waya wake. Ajasta zipimwe mara kwa mara, na zile zinazojirekebisha zenyewe zikiwa zimeachia sana, ujue kuna kilichokufa ndani. Usikaze tu ukaondoka. Boliti ya kufungia springi breki (springi inayokaza breki upepo ukiisha) ni ya kuivuta gari iliyokufa, si ya kuendeshea na mzigo.

Kuziba tairi moja

Silinda ikivuja na spea haipo, wapo wanaoziba bomba la tairi hiyo na kuendelea na tairi tatu. Sikubali kufanya hivyo kwa gari itakayopakiwa. Ekseli yenye breki upande mmoja inaipindua gari siku ya kukanyaga kwa nguvu, nayo ndiyo siku ambayo mtoto amevuka barabara au njia imeloa. Kama hakuna spea, gari isimame. Mzigo uhamishwe, hata kama nauli inakwenda kwa mwengine.

Nafuu ni kuingia gereji kabla ya karafuu kuanza kuiva, wakati kazi ni chache. Fungua dramu zote, badilisha mafuta, tazama mipira, na nunua mapema raba za silinda, springi na sili za gari yako ukae nazo ndani. Spea hizo hazichukui nafasi, na ndizo zinazokosekana siku ya shida.

Kazi ikishafanyika, jaribu gari tupu kwenye tambarare, mwendo mdogo, kabla ya kupakia. Lainingi mpya bado haijakaa sawa na dramu, kwa hiyo siku za mwanzo kanyaga taratibu na epuka mzigo mkubwa kwenye miteremko. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, na shuu zikishakaa, irudishe gari ajasta zipimwe upya.